Ukuta Chini ya Mboji

Kaka mpendwa Malachy,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Boston, na kile kifua kimepona. Sisi hatujambo, ila mvua haijatupumzisha tangu Pasaka.

Unaukumbuka ugomvi wa Baba na baba mdogo Festus juu ya ile mboji ya kuchoma kule mlimani, udongo mweusi tunaoukata na kuukausha uwe kuni? Mwaka jana walichoka kutukanana, wakakubaliana kwamba ukuta wa watu wa kale, ule uliozikwa chini ya mboji, ndio uwe mpaka. Baba alisema waliopanga mawe yale hawakuwa na binamu wa kumpendelea. Kazi ya kuutafuta akapewa Colman, mchumba wangu, maana kwa nondo, ile fimbo ndefu ya chuma, hana mpinzani. Unaidunga ardhini: ikigota kwenye jiwe, mkono unashtuka, pasipo jiwe, inazama tu. Kila alipotangaza jiwe, mimi nilichomeka kijiti.

Mstari wa vijiti ulipinda, ukampa Festus mboji yote nzuri. Baba akampa ndugu yake mkono. Tangu siku hiyo tunachoma mboji ya bondeni, moshi mwingi kuliko moto. Festus hapiti bila kumtania: ati kaka, leo unapika au unafukiza nyuki?

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita Colman alimwoa Dymphna, binti wa Festus, na nyumba wamepewa. Habari niliipata kanisani, padri alipotangaza ndoa yao, na mimi pete yake ninayo kidoleni. Nimesalitiwa, Malachy.

Ila nami sina mdomo wa kulalamika. Siku ile, kwenye shimo la nne, niliishika nondo pamoja naye. Ilizama kimya. Akaninong'oneza kwamba Festus atatupa nyumba, mimi na yeye, nichomeke tu. Nikachomeka kijiti, na vyote vilivyofuata.

Leo asubuhi nimemweleza Baba. Hakunifokea. Aliuliza tu lilikuwa shimo la ngapi, akachukua koti na nondo, akapanda mlimani. Nilimfuata nimshikie vijiti. Akasema atachomeka mwenyewe.

Msalimie shemeji na watoto. Mwandikie Baba, kaka, maana mimi hanisemeshi.

Ni mimi dada yako,
Attracta