Shanga za Kiunoni Kwenye Paji la Uso

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaaibika, mimi ni mke wa muuza nguo hapa Kasulu, tafadhali usinitaje jina. Kuna mama wa Kizungu hapa anatengeneza picha za watu kwa kubandika, ubao anaupaka nta inayotoka Kibondo kisha anakandamizia nyuzi za sufu na shanga, ujuzi huo aliupata Meksiko kwa watu waitwao Wahuichol, ila uso anaurefusha kama vinyago vya huku kwetu na mavazi anaweka vipande vya vitenge. Aliponitengeneza mimi aliniomba kitu changu ninachokipenda, maana Wahuichol wakibandika shanga huwa wanamwombea mtu, nikaona haya kumpa matambara ya dukani kwetu, nikampa shanga alizonivalisha somo yangu usiku wa harusi, akaniuliza zinavaliwa wapi, nikamwambia shingoni. Mshauri, amezipanga zote kwenye paji la uso. Jirani yangu Zena alipoiona alijifunika mdomo kwa kanga akatoka nje. Sabasaba picha itatundikwa ukumbini kwenye sherehe, mume wangu atakaa mbele na wazee wenzake, na shanga zile anazijua hata gizani. Naona aibu mpaka kula siwezi, na aibu nyingine ni kwamba ule uso nimeupenda, sijawahi kujiona mzuri vile. Nifanye nini?

Mwenye Haya, Kasulu

Mwenye Haya, pole, lakini umejitakia. Yule mama alikuuliza vizuri, ukamdanganya. Angejuaje? Umetoa kitu cha chumbani ukampa mgeni, sasa unashangaa kukiona sebuleni.

Tena jina umenificha, lakini Mzungu wa nta Kasulu yuko mmoja tu. Gazeti hili likifika dukani, mumeo atakujua. Kwa hiyo mwambie leo, akishakula, kabla Zena hajakuwahi. Atanuna. Mwache anune, ana haki.

Kesho nenda kwa yule mama, mwambie zinavaliwa wapi hasa na nani huziona. Ulimi utakuwa mzito, sema hivyo hivyo. Nta ikipata joto hulainika. Apashe kisu moto, azibandue taratibu, uzioshe, uzivae. Pengo lililobaki lijazwe na kipande cha kitambaa kutoka dukani kwenu, na mwombe mumeo akichague mwenyewe.

Ila usithubutu kuomba picha iondolewe. Shanga ndizo zilizokaa pasipo pake. Uso ni wako na haujamkosea mtu, uache ukutani, na Sabasaba nendeni wote wawili mkautazame.