Koki Niliyoifunga Alfajiri

Mama, shikamoo tena.

Nimekwenda Nzuguni kumchukua fundi Hanifu. Koki nimeshaifungua, maji yapo. Wapangaji ~~wasifue leo~~ wafue tu. Tangi la bati litatumika mpaka hili jipya la plastiki lijae. Tutakata maji saa nane mchana, nusu saa tu, tuhamishe bomba. Ndoo tatu za jikoni nilizojaza sasa hivi ni akiba. Abbasi asiziogee!

Mama, alfajiri nilifunga koki nione kama inashika, nikarudi kulala. Nilihesabu mahitaji ya vyumba vyote sita, nikakusahau wewe unayeamka kuswali kabla ya wote. Uliposema mbele ya wapangaji, "Injinia wangu kasomea maji miaka minne, mama yake anatayamamu kwa mchanga!" nilicheka nao. Kisha nikaingia chumbani nikalia kidogo. Ungenigongea mlango, Mama. Ningeamka.

Alasiri usiguse bomba. Maji ya kwanza ya tangi jipya nitayakinga kwa birika la marehemu Baba, nikumiminie mwenyewe, utawadhe taratibu mpaka utosheke.

Mwanao aliyekausha nyumba,
Yusra