Matumbo Meupe na Siki

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Dada yangu Jepchumba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo mtaani Pioneer, na kwamba mguu wa Mzee umetulia kidogo. Mimi kwa upande wa mwili sina shida. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu naiogopa. Mara ya mwisho nilipokupigia, wiki moja baada ya kumzika Mama bila mimi, nilikuambia, "Ulimnyima," halafu nikakata. Sasa ni miezi minne. Hujanipigia, na mimi sijathubutu. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujaamua kama utanijibu.

Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee, huku kaskazini mwa Uingereza. Kati ya wale ninaowahudumia kuna bibi mmoja anaitwa Edith, ana miaka tisini na moja. Zamani alifuma nguo kiwandani. Alipata kiharusi kama Mama, na koo lake halimezi vizuri. Juu ya kitanda chake kuna kadi: chakula kilichosagwa tu, kijiko kidogo kidogo, akiwa ameketi wima. Kitu kigumu, au chepesi kama maji, kinaweza kupitia njia isiyo yake na kumuua.

Tangu mwezi uliopita alianza kufunga mdomo. Ukimletea viazi vilivyopondwa anageuza uso. "Nataka matumbo," anasema. "Na siki. Na kitunguu."

Huku matumbo yanagawanya watu. Wazee wa kaskazini wamelelewa nayo na wanayalilia. Wengine hawataki hata kusikia yakitajwa. Mpishi wetu ametoka London, na siku moja alimwambia, "Edith, hicho ni chakula cha mbwa."

"Na wewe unakula wale samaki kama nyoka, tena baridi, ndani ya mchuzi ulioganda," Edith akamjibu. Nusu ya mdomo imepooza lakini maneno yanatoka tu. "Mbwa wangu angekimbia."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilimkumbuka Mama akibishana na shangazi juu ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kila mmoja akisema mwenzake hajui kusugua kibuyu.

Kicheko kiliisha Jumatatu. Muuguzi mkuu alimpima Edith uzito, kisha akaniita kando. "Wiki hii asipokula, Jumatatu ijayo anaenda hospitali." Sote tuliowahi kuwaaga wengine tunajua kwamba wanaotoka hapa wakiwa hivyo hawarudi.

Jumanne haikuwa zamu yangu, kwa hivyo nilienda sokoni. Dada, matumbo yao ni meupe kama taulo jipya! Nilimuuliza muuzaji kama ameyafua kwa sabuni.

"Yamechemshwa tayari, mama," akasema. "Unakata, unatia siki, unakula."

Sikumwamini. Nani anauza matumbo yaliyopikwa? Unakumbuka Mama alivyokuwa akiyabandika kabla ya kwenda kanisani, jiwe juu ya kifuniko, na tukirudi anabonyeza na kusema bado. Basi nikayaosha kwa chumvi na maji moto, nikayachemsha kwa muda wa saa tatu, kama kwetu. Nilipofunua sufuria, matumbo hayakuwepo. Kulikuwa na uji mweupe. Niliketi sakafuni nikalia kwa sababu ya kupoteza kitu kidogo kama hicho. Halafu nikautazama tena. Uji ndio unaoruhusiwa na ile kadi.

Jumatano niliupeleka kazini kwenye kibakuli, na sikuuficha. Muuguzi aliupitisha kwenye chujio, akaubonyeza kwa uma, akampigia simu mtaalamu wa mambo ya kumeza. Wakakubaliana: vijiko vitano, na yeye mwenyewe asimame pale. Nikachanganya na matone ya siki.

Kijiko cha kwanza kilipita. Edith alifumba macho. "Jumamosi," akasema, na nadhani ndiyo siku walipokuwa wakiyala. Cha pili kikapita.

Cha tatu akakohoa. Kisha kikohozi chenyewe kikakosa sauti. Uso wake ukawa wa rangi ambayo sitaki kuiandika. Muuguzi akamwinamisha, akampiga mgongoni, akampiga tena, na mimi nimesimama na kijiko mkononi. Mimi ndiye niliyempa. Sijui ilichukua muda gani. Pumzi iliporudi, muuguzi alifunika kibakuli. "Basi. Hatumpi tena."

Edith hakumwangalia muuguzi. Aliniangalia mimi.

"Umeninyima," akasema.

Dada, neno lile lile.

Wewe ulisimama hivyo siku tisa. Daktari alikuwa amekataza, Mama anaomba mursik, na kibuyu kimejaa nyuma ya mlango kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyekitayarisha. Hukuwa na muuguzi kando yako. Ungempa, labda angefia mikononi mwako. Hukumpa, na mtu aliyekuwa mbali, aliyeshiba, akakupigia simu kukuhukumu.

Na nikakumbuka kitu. Nilipokuwa nakata simu ulikuwa unasema, "Nilichovya kidole nikampaka..." Sikukuacha umalize.

Nikamwomba muuguzi ruhusa. Nilichovya kitambaa kidogo kwenye siki, nikakikamua hadi kikabaki na unyevu tu, nikampitishia Edith midomoni. Akalamba. Nikampaka tena, akanishika kidole na hakukiachilia. Tangu siku hiyo, nikianza na siki, anakubali viazi vyao, vijiko vinane, wakati mwingine kumi. Kesho atapimwa tena. Sijui mizani itasema nini.

Lakini si la Edith ninalotaka kukuuliza. Mama naye alilamba? Niandikie hilo tu, hata kama hutaki kuandika lingine. Neno nililokuambia nalirudisha kwangu. Nisamehe.

Msalimie Mzee, baba yetu, umwambie nakanyaga baridi kwa soksi alizoninunulia. Msalimie shemeji, mume wako, aliyesimama mahali pangu kaburini. Shangazi wa Soy mwambie bado nasema Mama ndiye aliyejua kusugua kibuyu, atakasirika na atafurahi. Na yule jirani aliyewaletea kuni wakati wa matanga, mshike mkono kwa niaba yangu.

Siku ukikisugua kibuyu cha Mama kwa kijinga cha moto, kabla hujamimina maziwa, unikumbuke.

Mdogo wako,
Jerop