Tata, Nimepata Nafasi ya Kupima Antimata

Tata,

Shikamoo. Ile nafasi nimeipata. Bweranyange nzima imeshajua, maana Mama alisimama kanisani akatangaza mwenyewe, akapigiwa vigelegele kama mama wa bibi arusi.

Nakwenda Ulaya kusomea uzamivu, kwenye maabara wanakotengeneza antimata. Nilikueleza siku ile tukianika kahawa: ni kinyume cha maada, yaani cha hivi vyote tunavyovishika, na vikigusana vinatoweka vyote viwili. Ndiyo maana huzuiliwa kwa nguvu za sumaku, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Ukaenda kuwaambia wazee wa usharika kwamba mwanao anasomea "vitu visivyotaka kuguswa", nao wakataka kuniombea. Nacheka hadi leo.

Usaili ulikuwa kwa video, muda mfupi baada ya kukuzika. Nilikaa chumbani kwako kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Koti lako lilikuwa bado mlangoni. Profesa mmoja, mama wa makamo, aliniuliza nitafanya nini jaribio likishindikana miezi na miezi. Majibu niliyokariri yote yakanitoka. Nikamsimulia mwaka wa mnyauko, ule ugonjwa wa migomba: jinsi wewe ulivyoing'oa, ukichoma panga motoni kabla ya kugusa shina jingine, kisha ukapanda upya na kungoja. Nilipofika hapo nikaanza kulia. Nikajua nimeharibu.

Yule mama alisubiri nitulie. Kisha akasema hata wao, uchafu kidogo tu ndani ya chombo huwarudisha mwanzo.

Waliponikubali, Tata, sikufurahi. Baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya ukoo kuwa mtoto wa kwanza haachi nyumba yenye msiba, nami niliona ana haki. Tulipokaa tena, nikawaambia siendi. Mama alikuwa akimenya ndizi muda wote. Akaweka kisu chini.

"Kwani mimi ni ng'ombe, nitafutiwe wa kunichunga?"

Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Kesho yake alikuja asubuhi, akaanza kupunguzia majani makavu migomba yako. Naye Jeni, mdogo wangu, ameomba uhamisho kutoka shule anayofundisha kule Bugomora ili awe karibu na nyumbani.

Mama hajambo. Bado anakumiminia chai asubuhi, kisha anakumbuka, anainywa mwenyewe. Jana alisema ulikuwa unaweka sukari nyingi mno. Tukacheka wote wawili, halafu... basi, Tata. Unatujua.

Uliniuliza ukiwa kitandani, pumzi zikikupungua, "Hicho kitu chako ukikiachia, kinaanguka kama jiwe?" Nikakujibu kwamba wameona kinaanguka chini, ila hawajapima vya kutosha kujua kama ni sawasawa kabisa na jiwe. Ukasema, "Basi nenda ukaangalie."

Naondoka kesho kupitia Kayanga. Nina hofu, lakini moyo umetulia kuliko nilivyotegemea. Pumzika, Tata. Huku tunaendelea.

Nakuahidi nitaangalia kwa makini, na nitakachokiona ndicho nitakachosema, hata kama sicho nilichokitamani.

Mwanao,
Kemi