Rekodi Yake, Wimbo Wetu

Dada Amina,

Wimbo wa Zuhura wangu umeng'olewa mtandaoni na mtoto kaitwa mwizi, lakini usilie, tutauimba upya na utakuwa mtamu kuliko ule wa kwanza!

Haya, sasa nishushe pumzi. Shikamoo, dada yangu. Magoti yako yaonaje? Shemeji kikohozi kimemwacha? Mimi huku Maskati ni mzima, alhamdulillahi. Jikoni ni joto tupu na mama mwenye nyumba hajui chumvi, ila biriani yangu wageni wake wanaramba mpaka vidole.

Anayekuletea barua hii ni Zuhura mwenyewe. Mtazame alivyoinamisha kichwa. Wajua anatunga nyimbo kwa kompyuta, na Malindi nzima hakuna anayemfikia, wala sisemi kwa kuwa nimemzaa mimi. Basi katunga wimbo mpya, maneno yake, midundo yake, ila katikati katia sauti yako. Ule wimbo wa vugo uliotuimbia harusi ya binti yangu Saumu, pembe zinagongwa, nawe wamcheka bibi arusi kwa sufuria ya wali aliouunguza. Kaukata kwenye video ya harusi aliyoiweka mtandaoni mwenye duka la video.

Hakumwomba mtu. Nilipomuuliza kanijibu, "Mama, sauti ya mama mkubwa nayo niombe? Si kama kuchota chumvi jikoni kwake?" Nami nikacheka.

Wimbo ulipoanza kusikika kwenye kila tuktuk, mwenye duka akalalamika, ukaondolewa. Tena kasema atauachia iwapo ataandikwa yeye kuwa mtunzi. Mtunzi! Nikampigia simu mwenyewe.

"Mama, ile rekodi ni yangu," akasema.

"Ulikuwepo? Uliingia ukumbi wa wanawake na buibui?"

"Nilimtuma dada yangu na kamera yangu."

"Na wimbo nani kautunga?"

"Hizo ni nyimbo za kale, mama, hazina mwenyewe."

"Za kale! Wimbo wamtaja Saumu wangu na wali wake, na Saumu hana hata mvi moja! Mtunzi yuko hai, yuko Shella akaanga mahamri!"

Kisha akasema, "Nitafikiria." Nikamwambia, "Fikiria umekaa, usije ukaanguka."

Zuhura akaenda kwa wakili mmoja, mwanamke, akamweleza vizuri hata mimi wa darasa la saba nikafahamu. Kurekodi ni haki moja, kutunga ni haki nyingine. Rekodi ni ya mwenye duka, na hata ukikata kipande kidogo, sharti umwombe. Hapo mtoto wetu alikosea. Lakini wimbo ni wako, dada. Zuhura alipaswa kukuomba, na yule bwana naye hakukuomba alipouweka mtandaoni.

Sasa sikiza. Jina lake hatuliandiki, na kumpigia magoti hatumpigii. Akae na rekodi yake, aifanye mto ailalie. Sisi sauti tunazo na pembe tunazo. Turekodi wenyewe kwa maikrofoni ya Zuhura, nawe uandikwe mtunzi, jina lako kamili, walisome mpaka huku. Lakini ni ukikubali. Ukikataa, hatutii hata neno lako moja, na mtoto nitamzuia mimi. Mwache akuombe kwa mdomo wake. Usimkaripie sana, mkaripie kidogo.

Wale wanawake walioitikia nao waulizwe, kila mtu kwa nafsi yake. Msalimie shemeji. Msalimie mjomba wetu wa Ganda, mwambie azishushe pembe darini azifute vumbi. Saumu mbusu, na asinikasirikie, wali wake wazidi kupata sifa. Na dada yake mwenye duka mwalike pia, aje kuitikia, aje bila kamera.

Likizo nimepewa na tikiti ninayo. Wasiniambie hawakujua. Mimi mdogo wako nikupendaye, Mama Zuhura, nawangoja wote uani kwako Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, wakishasali alasiri.