Jibu la Kwanza ni Mhola

Jumanne. Jua la Bariadi limewaka tangu alfajiri, pamba za watu zinalilia mvua, na mimi kichwa changu kiko wazi. Sina kofia.

Kofia yangu ya uanafunzi wa unesi iko mezani kwa Bi. Rehema, mkufunzi wetu wa wodi ya wazazi. Kesho asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, natakiwa kuomba radhi ndipo nirudishiwe. Nisipoomba, nifunge sanduku nirudi kwetu Mkula. Ndivyo alivyosema, na Bi. Rehema hana kawaida ya kubadili neno.

Nimekasirika. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa nimetulia.

Ilikuwa hivi. Asubuhi tulikuwa tunamfuata mkufunzi kitanda kwa kitanda. Sheria yake tunaijua: wodini ni Kiswahili tu, kilugha kibaki nyumbani, maana sisi ni taifa moja. Sina ugomvi na taifa moja. Kwenye kitanda cha dirishani alilala binti aliyejifungua usiku, mtu wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ngulyati, shuka ameivuta mpaka kidevuni. Bi. Rehema akamuuliza hali. Binti akajibu kwa sauti ndogo, "Mhola."

Bi. Rehema ni mtu wa Tanga, na hilo ndilo neno la Kisukuma analolijua. Analipenda, sheria au si sheria. Akatugeukia akatutafsiria: salama. Wenzangu wakasogea kitanda kinachofuata.

Mimi miguu ilikataa.

Kwetu mtu akikusalimia unajibu mhola hata kama nyumba inaungua. Ni adabu. Salamu hujibiwa kwanza, shida hufuata, tena hufuata ukiulizwa mara nyingine. Mama aliwahi kunipa habari za msiba wa mjomba baada ya mhola ya ng'ombe, mhola ya mvua na mhola ya majirani. Kwa hiyo nilijua binti yule hajamaliza kujibu. Alikuwa anangoja aulizwe tena, na midomo yake ilikuwa imepauka.

Nikainama nikamuuliza kwa Kisukuma kama kuna jambo. Akaniambia polepole, kama anayeomba samahani, kwamba anahisi amelowa. Nikafunua shuka. Damu ilikuwa imefika kwenye godoro.

Nikaita. Na hapa nimpe mtu haki yake: Bi. Rehema alikuja mbio na mikono yake ikajua la kufanya kabla sisi hatujapumua. Akalikanda tumbo, akaagiza sindano, akanituma dripu, huku anamwambia binti avute pumzi taratibu. Damu ikapungua, halafu ikakata. Natamani siku moja mikono ile iwe yangu.

Alipomaliza kunawa akaniuliza nani aliniruhusu kubaki nyuma na kusema kilugha. Nikamjibu kwamba mgonjwa alikuwa anavuja damu. Nilijibu haraka mno, nakiri, na sauti yangu haikuwa ya mwanafunzi. Akaniambia mbele ya vitanda vyote:

"Ndugu Kabula, vua kofia. Huwezi kunifundisha kazi mbele ya wagonjwa."

Nikavua. Binti akaanza kulia, akidhani ameniponza yeye.

Ningeweza kuimeza hiyo. Lakini jioni nilipopita kumwona, shangazi yake anayemwuguza alinivuta pembeni. Alisema binti anaumwa kichwa tangu mchana na amekataa kumwambia nesi yeyote.

"Anasema akisema tena, mwingine atavuliwa kofia."

Nikaenda mwenyewe kumwita nesi wa zamu, akampima, akamtuliza. Lakini maneno yale hayajaniacha. Tunafundishwa kuosha mikono, kupima joto, kuhesabu mapigo. Leo wodi nzima imefundishwa kunyamaza, na somo limeeleweka vizuri kuliko yote.

Ester, mwenzangu wa chumbani, ananisihi niombe radhi yaishe. Mkono usioweza kuukata, ubusu, anasema. Nimemwambia mkono huo nimeubusu tangu mwaka wa kwanza na midomo imechoka. Amecheka, kisha akanikumbusha kwamba sanduku langu ni bovu na halitafika Mkula. Huyo ndiye Ester.

Sitasema siogopi. Nilipokuja huku baba alinisindikiza mpaka barabarani, na kila tuliyekutana naye alimwambia kwamba binti yake anakwenda kuwa nesi. Nitapita vipi njia ileile, kwa watu walewale?

Lakini nimeamua. Nitaomba radhi kwa kuvunja sheria, maana niliivunja, na kwa ile sauti. Kwa kumwuliza mgonjwa mara ya pili, sitaomba. Na nitamwomba Bi. Rehema, kwa heshima zote anazostahili, kwamba nikikosea aniite ofisini anikaripie mpaka achoke. Si kitandani kwa mgonjwa.

Kesho mstarini ataanza kwa kuniuliza hali, maana naye ana adabu zake. Nitamjibu mhola, neno lake analolipenda.

Kisha nitabaki nimesimama. Na asiponiuliza tena, nitasema bila kuulizwa.