Somo la Wayahudi, Mfano wa Katanga

Jumanne, mtaani Dilala, Kolwezi. Jua kali, vumbi hadi ndani ya sufuria, na nina hasira na mtu mmoja tu: mimi mwenyewe.

Saa nne alikuja Madame Solange, mwalimu mpya wa falsafa katika shule niliyofundisha hadi kustaafu. Alitaka daftari langu la zamani, lenye somo la jinsi falsafa ya Kijerumani ilivyochochea fikra za utaifa wa Wayahudi. Nililipenda somo lile kupita kiasi. Baadhi ya wanafalsafa wa Kijerumani walisema kila taifa lina roho yake, nayo imo katika lugha na ardhi ya mababu. Wayahudi wa kule walilisoma wazo hilo vyuoni, kisha wakaambiwa roho hiyo si yao. Basi wengine wakalichukua wazo lilelile lililowafungia mlango, wakajitafutia nalo taifa lao.

Wanafunzi walisinzia. Nikawapa mfano wa nyumbani, Katanga. "Udongo una roho, na roho ina wenyewe," nikaandika ubaoni. Darasa zima likaamka, nami nikavimba kichwa.

Rafiki yangu Kabeya, mwalimu wa hesabu, Mkasai, yaani wa ukoo uliotoka jimbo la Kasai, ingawa yeye alizaliwa hapahapa Kolwezi, aliniita pembeni.

"Tata, acha ule mufano. Batoto habasikie philosophie, banasikia tu: bale habako ba hapa."

Eti watoto watasikia tu kwamba wale si wa hapa! Nilimcheka. Nilimwambia falsafa si hesabu.

Miaka ile kampuni ya migodi ilikuwa inaanguka, mishahara haiji, watu wanatafuta wa kulaumiwa. Siku moja uwanjani mwanafunzi wangu wa zamani alishika kipaza sauti, akaitangaza sentensi yangu neno kwa neno. Wiki ileile Wakasai walitolewa majumbani. Kabeya, mkewe na watoto walilala stesheni wakingoja treni. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia mke wangu nina mitihani ya kusahihisha.

Sikuwa nayo.

Baadaye nilisikia mke wa Kabeya alifia njiani. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota ndevu.

Leo Solange aliusoma ukurasa ule mbele yangu, akatabasamu.

"Tata, huu mufano ni muzuri sana. Hata leo inafaa, vile bale batu ba Kasai banarudia huku."

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama ataongeza chai.

Ameondoka na daftari, na kesho asubuhi anaingia nalo darasani. Sina budi kufika kabla yake, nimweleze ni nani waliomfukuza Kabeya. Nikianza na vijana wa uwanjani, nitakuwa nimedanganya tena. Je, nitaweza kuanza na jina langu?